Tarishi wa Beacon Hill

Marehemu baba yangu alikuwa tarishi wa serikali katika mji mdogo wa pwani, mkoa wa Tanga. Kwa miaka 31 alivaa sare ya kaki na kutembea na daftari refu la kupelekea barua kwapani. Kila alipofikisha bahasha, aliyepokea alitia sahihi kwenye mstari wake, na baba hakuondoka mlangoni mpaka sahihi imetiwa. Alikuwako bwana mkubwa mmoja aliyeendelea kumwita "boi" hata baba alipoota mvi. Baba alimpa barua, akaligeuza daftari lielekee upande wake, akasubiri. Siku moja nilimuuliza anavumiliaje. Akaniambia, "Mwanangu, yule hawezi kutawala mpaka mimi nimefika."

Nami nikazifuata karatasi zile zile. Nilikuwa karani wa masjala hadi nilipostaafu. Najua harufu ya jalada lililopitiwa na masika mbili bila kufunguliwa. Najua pia kwamba mtu anaweza kuishi umri wake wote akabaki mstari mmoja tu ndani ya faili la mtu mwingine.

Ndiyo sababu nilisimama kwa muda mrefu mbele ya nyumba namba 66, Phillips Street, mjini Boston. Nilikuwa nimekwenda Marekani kumlea binti yangu aliyejifungua, na jioni tulikuwa tukimtembeza mtoto kwenye vichochoro vya Beacon Hill, mtaa wa mteremko wenye nyumba za matofali mekundu zilizobanana. Kibao ukutani kilimtaja Lewis Hayden, mtu aliyetoroka utumwani na kuigeuza nyumba ile kimbilio la watoro wenzake. Baadaye binti yangu aliniletea vitabu kutoka maktaba. Vingi vilimwita Hayden shujaa, na vingine vikamtaja kuwa mbunge wa jimbo la Massachusetts mwaka 1873. Kazi yake ya kila siku ilipita kwa haraka katikati ya sentensi: kwa takriban miaka 30 alikuwa tarishi katika ofisi ya Katibu wa Jimbo.

"Mama," binti yangu alisema, "huyu ni mwenzake babu."

Hayden alizaliwa mwaka 1811 mjini Lexington, Kentucky, akiwa mali ya mchungaji wa kanisa aitwaye Adam Rankin. Mama yake alitamaniwa na mwanamume aliyetaka kumnunua, naye akakataa. Alipigwa na kufungwa mpaka akili ikamtoka. Hayden alisimulia baadaye kwamba siku moja mama alipoachiwa alimjia yeye, mtoto wa miaka saba au minane, akamkaba ili amuue, asije akaangukia mikononi mwa watu wale. Kisa hicho kimo katika kitabu alichokitoa mwandishi Harriet Beecher Stowe mwaka 1853 kuthibitisha kwamba mambo aliyoyaandika katika riwaya yake kuhusu utumwa hayakuwa ya kubuni.

Mchungaji Rankin alipohamia Pennsylvania aliwapiga mnada ndugu zake Lewis. Lewis mwenyewe hakupigwa mnada. Alibadilishwa kwa farasi wawili wa kukokota gari. Kila ninapolifikia jambo hilo huliona kwa jicho la masjala. Mahali fulani katika hesabu za watu wawili, farasi wawili walitoka na mtoto mmoja akaingia, na daftari likasawazika.

Mwaka 1825 Jenerali Lafayette wa Ufaransa, aliyepigania uhuru wa Marekani akiwa kijana, alipita Lexington katika ziara yake ya heshima. Mji mzima ulitoka kumlaki. Kijana Lewis alikuwa amekaa juu ya uzio, na mgeni yule alipompita alimwinamia kichwa kwa heshima. Hayden aliibeba salamu hiyo maisha yake yote. Alisema ndiyo iliyompandia chuki ya utumwa. Anayesalimiwa kila siku hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Baba yangu angelijua.

Alijifunza kusoma kwa Biblia na magazeti yaliyotupwa. Alioa mke wa kwanza, Esther Harvey, wakapata mtoto wa kiume. Kwa maelezo yake mwenyewe, mke na mtoto walinunuliwa na Henry Clay, seneta mashuhuri wa Kentucky aliyegombea urais mara tatu, kisha wakauzwa mbali kusini. Hakuwaona tena. Alipooa mara ya pili, akamwoa Harriet Bell aliyekuwa na mtoto aitwaye Joseph, aliapa kwamba familia hii haitauzwa.

Mwezi Septemba 1844, Lewis akiwa mhudumu katika hoteli ya Phoenix pale Lexington, wazungu wawili walimletea gari la farasi la kukodi. Mmoja alikuwa Calvin Fairbank, mhubiri wa Kimethodisti, na wa pili Delia Webster, mwalimu wa kike kutoka Vermont. Lewis na Harriet walijipaka unga usoni ili kwa mbali waonekane wazungu. Joseph alilazwa chini ya kiti. Usiku kucha walikwenda kuelekea mto Ohio, wakavuka, na njia ikawachukua hadi Kanada. Waliowasaidia ndio waliolipa. Webster alihukumiwa miaka 2 akaachiwa baada ya majuma machache. Fairbank alihukumiwa miaka 15, mitano kwa kila mtu aliyemtorosha.

Miaka mitano baadaye Hayden alikuwa huru Boston, na Fairbank bado alikuwa gerezani Kentucky akifanya kazi ngumu. Waliokuwa wakidai kummiliki Hayden walisema wangekubali msamaha utolewe iwapo watalipwa dola 650. Hayden angeweza kusema kwamba hadaiwi na mtu. Alipita kwa watu akazichangisha, akazituma, na mwaka 1849 Fairbank akatoka. Alinunua uhuru wa mzungu kwa bei ya mtu mweusi, na mtu huyo mweusi alikuwa yeye mwenyewe.

Hayden alifika Boston mwaka 1846, akafungua duka la nguo Cambridge Street, chini ya kilima. Hapa mimi mtu wa pwani sina budi kutua kidogo. Miaka hiyo, viwanda vya Lowell na miji jirani katika jimbo lile la Massachusetts vilikuwa vikifuma kitambaa kizito cha pamba ambacho meli za Salem zilikileta Unguja, chini ya mkataba aliouweka Sayyid Said na Wamarekani mwaka 1833. Bibi zetu walikiita merikani. Meli zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa wa huku kwetu. Nimelitamka neno hilo tangu utotoni, katika hadithi za mahari na sanda, bila kujua kwamba uzi wake ulifungwa kwa minyororo pande mbili za dunia. Kwa hiyo msomaji asidhani Boston yote ilikuwa na Hayden. Wenye viwanda walihitaji pamba, na waliohitaji pamba hawakutaka kelele.

Kelele zilikuja kwa sheria. Septemba 1850 bunge la taifa mjini Washington lilipitisha Sheria ya Watumwa Watoro. Tangu siku hiyo mtoro angeweza kukamatwa hata katika jimbo lisilo na utumwa, bila haki ya kusikilizwa na wazee wa baraza, na raia aliyemficha alistahili faini na kifungo. Mweusi aliyekuwa akinyoa watu au kuuza nguo Boston alilala huru akaamka anatafutwa, kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi mbali naye.

Mwezi uliofuata wasaka watumwa wawili waliingia Boston na hati ya kuwakamata William na Ellen Craft. Hawa walikuwa mume na mke waliotoroka Georgia mwaka 1848, Ellen akiwa amevaa kama kijana wa kizungu mgonjwa na William akijifanya mtumishi wake. William alikimbilia nyumbani kwa Hayden. Hayden akaweka mapipa ya baruti ndani ya nyumba na kutangaza kwamba atakayejaribu kuingia kumchukua, nyumba nzima italipuka, wenyewe wakiwamo. Wasaka watumwa hawakuingia. Akina Craft walisafirishwa hadi Uingereza. Nyumbani, Harriet aliendelea kutandika vitanda na kupika kwa ajili ya wageni waliofika usiku bila majina. Stowe alipoitembelea nyumba hiyo mwaka 1853 alikuta watoro wapya 13.

Februari 15, 1851, mhudumu wa mkahawa aitwaye Shadrach Minkins alikamatwa kazini na kufikishwa mahakamani. Kundi la wanaume weusi lilivunja mlango wa chumba cha mahakama mchana kweupe, likamnyanyua likatoka naye. Hayden alimficha, akamvusha mto hadi Cambridge na kumsogeza Concord, na Minkins akaishia Montreal. Rais Millard Fillmore alitoa tangazo la kuamuru waliohusika washtakiwe. Hayden alisimamishwa kizimbani, wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, akaenda nyumbani. Mwaka 1854 yeye na wenzake walijaribu kumwokoa mtoro mwingine, Anthony Burns. Usiku ule mlinzi mmoja aliuawa, Hayden alifyatua bastola, na Burns hakuokolewa. Wanajeshi walimpitisha katikati ya maelfu ya watu hadi melini. Marafiki walimnunulia uhuru wake mwaka uliofuata.

Biashara ilipoanguka nchini mwaka 1857, duka la Hayden nalo lilianguka. Rafiki zake wa siasa wakamtafutia kazi katika Jengo la Serikali ya Jimbo, lile lililojengwa na Charles Bulfinch na kukamilika mwaka 1798 juu kabisa ya Beacon Hill. Kazi ilikuwa ya utarishi, na ilikuwa mojawapo ya nafasi za kwanza za serikali ya jimbo kupewa mtu mweusi.

Ofisi ya Katibu wa Jimbo ndiyo inayotunza muhuri wa jimbo, sheria zilizotiwa sahihi na kumbukumbu zote. Ni masjala kuu. Mtu aliyewahi kuwa kitu ndani ya hesabu za wengine, aliyeandikiwa mashtaka kwa amri ya Rais, sasa ndiye aliyezibeba karatasi za serikali kutoka mlango hadi mlango. Wapo waandishi wanaoisikitikia kazi hiyo, kana kwamba mtu wa kimo chake alitupwa mahali pa chini. Mimi nimekaa masjala. Najua tarishi huingia mahali ambapo mbunge hupiga hodi. Anajua barua ipi imefika, nani ameisoma, na nani ameilalia. Watu wa mtaani kwake, waliohitaji kujua mlango wa kugonga, walikuwa na mtu ndani ya jengo.

Naye hakuwa mtu wa kukaa kimya mlangoni. John Andrew, mwanasheria mpinga utumwa, alipokuwa gavana Januari 1861, alikuta tarishi wa ofisi ya jirani ni rafiki yake wa zamani. Hayden alikuwa miongoni mwa waliomhimiza kugombea. Mwishoni mwa mwaka 1862, siku ya Sikukuu ya Shukrani, gavana aliteremka kilima akaenda kula chakula nyumbani kwa tarishi. Nchi ilikuwa katika vita vya kaskazini na kusini, na mazungumzo ya watu weusi kupewa bunduki yalikuwa yamepamba moto. Miezi michache baadaye Massachusetts iliunda kikosi cha 54 cha askari weusi, na Hayden akasafiri kuwaandikisha vijana. Joseph, yule mtoto aliyelazwa chini ya kiti cha gari, aliingia jeshi la majini la Muungano, upande wa kaskazini. Hakurudi.

Mlango wa bunge lenyewe ulikuwa umefunguliwa mwaka 1866, watu weusi wawili walipochaguliwa kwa mara ya kwanza katika Baraza la Wawakilishi la Massachusetts. Mmoja alikuwa Edwin Walker, mwanasheria. Wa pili alikuwa Charles Mitchell, fundi wa kupanga herufi aliyefanya kazi katika gazeti la mpinga utumwa William Lloyd Garrison, The Liberator, kisha akapoteza mguu vitani Honey Hill, South Carolina, mwaka 1864. Baada ya ubunge Mitchell aliingia kazini katika ofisi ya forodha ya Boston, akadumu humo hadi uzeeni. Garrison alipokufa mwaka 1879, Mitchell na Hayden walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Mwaka 1873 ikawa zamu ya Hayden. Alikuwa na umri wa miaka 61 au 62. Baraza lilikuwa na wajumbe 240, na muhula ulikuwa mwaka mmoja. Juu ya vichwa vyao alining'inia samaki wa mbao mwenye urefu wa karibu mita moja na nusu, ukumbusho wa uvuvi uliolitajirisha jimbo. Bila shaka Hayden alikwisha kumpita samaki huyo mara nyingi akiwa na bahasha mkononi. Sasa alikaa chini yake na kupiga kura. Mwaka huo huo, Juni 5, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Watu wa pande hizo mbili hawakujuana. Mimi huiweka miezi hiyo katika jalada moja.

Muhula ulipokwisha, aliendelea na utarishi. Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Nimewaona watu walioonja kiti kikubwa wakashindwa kurudi kwenye benchi, wakaugua, wakaacha hata kusalimia. Hayden alirudi kwenye korido zile zile akawapelekea barua wale aliokaa nao, na jina lake halikupungua. Alikuwa kiongozi mkuu wa Wamasoni weusi wa jimbo. Alisimama na wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Na kulikuwa na jambo moja alilolidai tangu mwaka 1851, yeye na mwanahistoria mweusi William Nell na wenzao: mnara wa Crispus Attucks, mtu wa damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili aliyeuawa na askari wa Uingereza mjini Boston Machi 5, 1770, miongoni mwa wa kwanza kufa katika safari ya uhuru wa nchi ile. Ombi la mwaka 1851 lilikataliwa. Hayden alilileta tena, akalifuatilia jinsi tarishi anavyofuatilia jibu, na Novemba 1888 mnara ulizinduliwa katika bustani ya Boston Common, chini ya jengo alilofanyia kazi. Nell alikuwa amekufa miaka mingi nyuma. Hayden alikuwepo.

Alifariki Aprili 7, 1889, akiwa bado tarishi.

Katika masjala tulifundishwa kwamba jalada halifungwi mpaka barua ya mwisho imejibiwa. Barua ya mwisho ya nyumba ile iliandikwa na Harriet. Nyumba namba 66 ilikuwa kwa jina lake tangu mwaka 1865. Alipofariki mwishoni mwa mwaka 1893, wosia wake ulikiachia Chuo Kikuu cha Harvard mali yake, karibu dola 5,000, ili iwasomeshe udaktari wanafunzi weusi. Kukielewa kimo cha wosia huo, lazima tufungue faili la zamani zaidi. Mwaka 1850, msimu ule ule wa baruti na akina Craft, skuli ya udaktari ya Harvard iliwapokea vijana weusi watatu, mmoja wao Martin Delany, mwandishi aliyekuja kuwa meja wa jeshi. Wanafunzi wazungu walilalamika, na majira ya baridi hayajaisha vijana wale wakaambiwa wasirudi.

Harriet aliishi upande wa pili wa mto kutoka Harvard kwa miaka 47. Hakuwa na mtoto aliyebaki wa kurithi. Angeweza kuliachia kanisa, au watu waliokula mezani kwake. Alikichagua chuo kile kile, akakipelekea akiba ya maisha ya watumwa wawili waliotoroka na unga usoni, na sharti la nani asome kwa akiba hiyo.

Nilipomaliza kusoma habari hiyo, mjukuu wangu alikuwa amelala kifuani pangu. Nikamwona baba mlangoni kwa yule bwana mkubwa. Harriet Hayden alikuwa amefika na bahasha yake, amekabidhi, ameligeuza daftari lielekee upande wao, na anasubiri. Wakatia sahihi.